Njoo Kabla, Usije Baada

Nianze na kosa. Watu wakinisikia nikisimulia safari yangu ya Uingereza hutaka nianze na baridi, au chakula cha ndege, nami sina subira na habari hizo. Kosa nililifanya Busia, nyumbani kwangu, saa nane mchana, jua linawaka, akili zangu timamu. Sikudanganywa na mtu.

Mimi ni mfanyabiashara wa mpakani. Nilizaliwa Kwapa, upande wa Tororo, kwa watu wa jembe, lakini kwa zaidi ya miaka thelathini nimelala Busia ya Uganda na kuuza Busia ya Kenya. Leo mahindi, kesho ndizi, samaki wakavu wakipatikana. Mtu kama mimi akisema "nakwenda ng'ambo," maana yake anavuka barabara. Ofisi ya mpaka ipo, kubwa, ina madirisha na foleni na mashine ya kukupiga picha, lakini sisi tuliiona ni ya malori na wageni. Sisi tunapita nyuma ya maduka, penye mitumba, unaruka mfereji mmoja, unamsalimia mwanamke anayekaanga mihogo, tayari uko Kenya. Njia ya panya, wenyewe wanaiita. Mimi sikuwahi kujiona panya, nilijiona mtu anayekwenda kazini.

Huko Kenya ndiko nilikopata ada ya kumsomesha binti yangu, na huko ndiko nilikokuwa kila aliponihitaji. Nasema hivyo bila kujipaka rangi. Baba yake alitufia mtoto akiwa bado mgongoni. Tulipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya mstari, na chumba cha pili yake aliishi mama mmoja Msamia, mjane ambaye Mungu hakumjalia mtoto, akisuka mikeka mlangoni kwake kutwa nzima. Sote tulimwita Kukhu, ndiyo bibi kwa Kisamia. Mimi naondoka alfajiri, mtoto anabaki kwenye mkeka wa Kukhu. Malaria ilipompanda kichwani, Kukhu ndiye aliyembeba mpaka hospitali, mimi niko ng'ambo nasubiri mteja wa magunia sita. Alipovunja ungo, Kukhu ndiye aliyemwonyesha la kufanya. Siku ya zawadi shuleni, Kukhu alikalia kiti cha mzazi akapiga vigelegele mpaka mwalimu mkuu akacheka.

Na mimi nilifika. Hilo watu hawalijui. Kila mara nilifika, sikukosa hata siku moja, ila nilifika homa imeshashuka, viti vimeshaondolewa uwanjani, mkononi nina mkate na mdomoni maneno matamu. Mtoto alikuwa akiupokea mkate, anasema asante, anarudi kukaa kwa Kukhu.

Basi mtoto akakua, akasomea uuguzi, akaenda Uingereza kuhudumia wazee wa watu. Kukhu alifariki yeye akiwa huko, akalia kwenye simu mpaka salio likaisha. Mwaka uliofuata alinipigia kuniambia ana mimba, na kwamba habari za baba wa mimba nisiulize. Sikuuliza, ingawa ulimi uliniwasha kweli kweli. Kisha mtoto akakaa vibaya tumboni, madaktari wakasema watampasua, wakampangia siku: Jumatano asubuhi. Binti yangu akanikatia tiketi, akanishughulikia viza, akanieleza kila mlango wa kila uwanja wa ndege. Nitoke Nairobi Jumatatu, nibadilishe ndege mara moja, Jumanne nimefika. Akamaliza kueleza, akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika.

"Mama."

"Nipo."

"Naogopa. Nataka unishike mkono kabla hawajaniingiza. Mara hii moja, Mama, njoo kabla. Usije baada."

"We mtoto, kwani mimi ni mtu wa kuchelewa?" nikamwambia. Tukacheka wote wawili, ila yeye alicheka kidogo.

Nilifunga mzigo wangu kwa makini. Ndani niliweka kifuko cha unga wa wimbi uliochachuliwa, ukakaangwa, ukaanikwa jua, na kimea chake kando, ule wa kutengenezea ajon, pombe yetu. Si kwa kulewa, jamani. Kwetu Wateso mtoto habandikwi jina tu. Bibi anachovya kidole kwenye ajon, anakitia kinywani mwa mtoto, anataja jina la mmoja wa waliotangulia. Mtoto akinyonya, jina limekubaliwa. Akigeuza uso, unataja lingine. Majina yangu niliyapanga kichwani tangu nilipoambiwa habari ya mimba: mama yangu mzazi, bibi yangu, mama mkwe, shangazi yangu aliyenifundisha kupalilia. Wote wa ukoo, wote watu wa heshima.

Sasa Jumapili. Pasipoti mpya iko kifuani, ndani ya nailoni. Sanduku lina magurudumu, naliburuta nikijisikia mtu. Basi la Nairobi linaondokea upande wa Kenya, na muda wake ulikuwa umekaribia. Nilifika mbele ya ofisi ya mpaka nikaona foleni ya abiria wa basi lililotoka Kampala, imetoka mlangoni mpaka kwenye jua. Ng'ambo nasikia honi. Siwezi kusema niliamua. Miguu ilikata kona yenyewe, kama ilivyokata kila siku ya maisha yangu.

Kwenye mfereji gurudumu likakwama. Yule mwanamke wa mihogo akaacha karai lake akaja kunisaidia.

"Leo unahama, dada?"

"Nakwenda Uingereza."

"Uingereza unapitia hapa?"

Tulicheka mpaka akashika mbavu. Akaniinulia sanduku, akanifungia mihogo miwili ya njiani, akakataa kulipwa. Nimekuwa nikikikumbuka kicheko kile. Ninyi mnaosoma mnaliona shimo, na yeye alikuwa amelitaja kwa kinywa chake, nami nikaliruka pamoja na sanduku.

Jumatatu, Nairobi, mambo yalikwenda vizuri mpaka pale kwenye kibanda cha kioo wanapokagua pasipoti. Kijana aliyekaa ndani alikuwa na adabu zake.

"Mama, uliingia Kenya lini?"

"Jana."

"Kwa njia gani?"

"Kwa miguu."

Akainua kichwa. "Kwa miguu, kutoka Uganda?"

"Ni karibu."

Akapekua kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo. Zote nyeupe pe, isipokuwa ile yenye viza. "Muhuri wa kuingia uko wapi?"

Nikamuuliza, "Muhuri gani?" Na wakati maneno yananitoka, nikaelewa.

Alimwita mkubwa wake, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba. Wakanitoa kwenye foleni, wakaniweka kwenye benchi la chumba kidogo, nikapewa karatasi niandike maelezo. Yule mama akaniuliza nimekuwa nikiingia Kenya mara ngapi. Nikasema kila siku tangu ujana wangu. Akaniuliza mbona hakuna hata kumbukumbu moja. Nikasema hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mimi ndiye ninayekuuliza," akasema.

Nilipandwa na hasira, siwezi kuficha. Nikamwambia nimelipa ushuru wa soko lao yeye akiwa hajaota meno. Nikamwambia wajukuu wa wateja wangu sasa ni wateja wangu. Nikamwambia binti yangu anapasuliwa keshokutwa. Hapo sauti ikakatika, na nikaona aibu kulia mbele ya karatasi. Yeye alingoja nimalize, akavua miwani.

"Mama, sikatai maneno yako. Lakini kwa pasipoti hii, hapa ulipokaa hujafika."

Hakunionea. Nimetafuta kwa muda mrefu mtu wa kumlaumu katika chumba kile na sijampata. Alipiga simu Busia, akapiga kwingine, akaandika, akaenda akarudi, na mwishowe akanigongea muhuri wa kuingia na muhuri wa kutoka kwenye ukurasa mmoja. Nilikimbia na viatu mkononi. Mlango wa ndege ulikuwa umefungwa, na msichana aliyesimama pale alikuwa tayari anakunja kamba.

Nilimpigia binti yangu.

"Ndege imechelewa," nikasema.

"Imechelewa vipi, Mama?"

"Si unazijua ndege."

"Sawa, Mama," akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akipokelea mkate.

Kwenye dawati la shirika walinitafutia njia nyingine: ndege ya Jumanne asubuhi, ipitie mji mmoja wa Uarabuni, Jumanne usiku niwe nimefika. Bado ni kabla. Nikapiga moyo konde. Nikala mhogo wa pili, mgumu sasa, nikatulia kwenye kiti cha chuma nikisema Mungu ananipa nafasi ya pili.

Asubuhi tukaingia kwenye ndege, tukafunga mikanda, tukakaa. Rubani akatangaza kuna taa inayowaka wakati haipaswi kuwaka, mafundi wanakuja. Tukakaa saa nne. Sasa ndege ilikuwa imechelewa kweli, na sikuwa na neno la kumwambia mtoto, kwa kuwa ukweli huo nilikuwa nimeshautumia kama uwongo. Nilimwandikia tu, "Bado niko njiani." Tulipotua kule Uarabuni, ndege yangu ya pili ilikuwa imeshaondoka, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya Jumatano alasiri.

Jumatano alasiri. Nilimwomba bwana wa dawatini alirudie. Akalirudia. Nyuma yangu watu wanapiga makelele, mmoja anapiga meza, mwingine anataja wanasheria wake, nami nilipiga makelele pia, kwa Kiswahili na Kiteso na kila nilichokuwa nacho. Bwana yule alikuwa akitingisha kichwa kwa upole, haelewi hata neno. Nilipochoka niliondoka.

Nilitandika leso yangu sakafuni, kwenye kona, nikaketi kama ninavyoketi sokoni, sanduku dogo upande huu, viatu upande ule. Uwanja ule ni mkubwa kuliko Busia zote mbili. Watu wanapita, kila mmoja ana muhuri wake, kila mmoja kuna mahali alipoandikwa kuwa ametoka na mahali alipoandikwa kuwa amefika. Nilikuwa na saa nyingi za kufikiri kuliko ninavyopenda. Maishani mwangu nilijisifu kwamba mpaka si kitu, kwamba mimi huku na kule ni nyumbani. Kumbe mtoto wangu alikuwa na upande mmoja tu, na upande huo ndio niliokuwa nikiuacha kila alfajiri. Nilikuwa nikisema namtafutia. Nilimtafutia kweli, aliyesoma ni yeye. Lakini kulikuwa na siku magunia yangeweza kungoja, nami nilipenda soko. Nililipenda. Sijawahi kuandika neno hilo mahali.

Asubuhi ya Jumatano mwanamke mmoja mfagiaji alisimama karibu yangu na deki yake, akaiangalia leso, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu, "Mama, wewe natoka wapi?" Alikuwa mtu wa Mbale. Nilimkumbatia, sikujali. Aliniunganishia mtandao kwenye simu, akaniletea chai, na alipoulizia safari nikamweleza yote, hata mfereji. Hakucheka. Akaniambia wa kwake alimwacha ana miaka miwili, sasa yuko darasa la tatu, na kwenye simu anamwita "anti."

Saa tatu na nusu kwa saa za binti yangu, simu ikalia. Ujumbe wa maneno mawili tu: "Naingia, Mama."

Niliandika, nikafuta. Niliandika nakupenda, ambalo kwetu haliandikwi ovyo, nikalituma. Halikusomwa. Nikakaa naitazama simu. Yule mwanamke alikuwa na kazi, msimamizi wake yuko palepale, lakini aliweka deki ukutani, akachutama kando yangu, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na unyevu wa maji ya sabuni. Nilifikiri, mkono huu ndio niliopaswa kuwa nao kule, na sasa ninashikwa mimi niliye mzima. Tulikaa hivyo mpaka msimamizi akamwita, akaondoka, akawa anageuka kila hatua chache kunitazama.

Picha ilikuja baada ya muda ambao sikuupima. Mtoto wa kike, amekunja uso, amefungwa kitambaa cheupe. Chini yake, maneno ya muuguzi kwamba wote wawili ni wazima. Nilipiga kigelegele kimoja, polisi wawili wakanigeukia. Kisha nikajifunika leso usoni nikalia, na sitasema nililia kwa furaha. Furaha ilikuwepo. Lakini nililia kwa sababu ilikuwa tayari ni baada.

Niliingia wodini Alhamisi asubuhi. Binti yangu alikuwa amelala chali, midomo imekauka, mtoto kwenye kitanda cha plastiki kando yake. Nilisimama mlangoni na koti la kuazima, sina mkate, sina hata neno.

"Umefika," akasema.

"Nimefika."

Nikamshika mkono. Ulikuwa na plasta palipokuwa na sindano. Akanitazama muda mrefu.

"Ulipita nyuma ya maduka, sivyo?"

"Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ulivyosema ndege imechelewa, nilijua. Nilikuwa nimekuandikia kila kitu, milango yote, isipokuwa kwamba Busia upite ofisini. Nikasema, hilo la kumwandikia mtu mzima?" Akaanza kucheka, akashika mshono kwa maumivu, akaendelea kucheka, halafu hakuwa anacheka tena.

"Nisamehe, mwanangu."

"Niliwaomba wangoje kidogo," akasema. "Waliningojea dakika kumi. Nikawa naangalia mlango."

Sikujitetea. Ni mara ya kwanza, nadhani, kwamba sikujitetea mbele yake. Niliendelea kuushika ule mkono wenye plasta mpaka muuguzi aliponiondoa apime joto.

Alhamisi ileile nililoweka unga wangu kwenye mtungi wa jemu, nikauweka karibu na chuma cha kupashia joto nyumbani kwake, nao ukachachuka taratibu, ukanukia Kwapa chumba kizima. Jumamosi walirudi nyumbani. Jumapili tukavuta pazia, binti yangu akakaa kitandani na mtoto mapajani, mimi nikapiga magoti chini. Nikachovya kidole.

Nikataja jina la mama yangu. Mtoto akageuza uso. Nikachovya, nikataja la bibi yangu. Akakunja midomo. La mama mkwe, akafungua jicho moja akalifunga.

"Hana hata wiki, tayari ana maringo ya Kizungu," nikasema. Binti yangu akatabasamu. Nikamtaja shangazi yangu, nikiwa na uhakika kabisa, na mtoto akakisukuma kidole changu kwa ulimi.

Majina yakaisha. Nikaanza kutafuta mengine kichwani, mabinamu, wake za wajomba, na binti yangu akasema polepole, "Mama, mtaje Kukhu."

"Si wa ukoo wetu," nikasema. "Hata si Mteso."

"Mtaje."

Kwa nini nilikataa? Si kwa mila. Mila nimezikunja mara nyingi zilipobana biashara. Niliona wivu, basi. Mwanamke yule amekufa, amezikwa, na bado kiti cha mzazi amekikalia yeye. Nilipiga magoti pale moyo umenijaa, naangalia kidole changu kinadondosha ajon kwenye shuka. Nikakumbuka mkeka wake mlangoni. Nikakumbuka kwamba sijawahi hata siku moja kumwambia asante ambayo haikuwa na haraka.

Nikachovya. Nikalitaja jina lake la Kisamia, lile alilopewa na mama yake, ambalo hakuna mtu aliyekuwa akilitumia.

Mtoto akakidaka kidole akanyonya. Alinyonya kwa nguvu, macho yamefumbwa, mpaka ajon ikaisha, na bado akanyonya. Binti yangu alinyoosha mkono akaushika mkono wangu ule mwingine, na mimi sikukitoa kidole mpaka mtoto alipolala.